Matundu ya Hewa ya Bi Naqiya

Kila Jumamosi asubuhi Kyalo hushuka Mji wa Kale kununua samaki, na kwa miaka mingi alirudi kwa njia ile ile, kichochoro chembamba kipitacho chini ya roshani ya Bi Naqiya. Tangu Januari alikuwa akizunguka. Alitokea upande wa Ngome, akaishika barabara kubwa isiyo na kivuli, jua likimpiga utosini na mfuko wa samaki ukimdondokea kwenye suruali, mradi tu asipite pale. Mkewe Mwende aliwanusa wale samaki, akamtazama mumewe, akamuuliza kama siku hizi anakwenda kuwavua mwenyewe. Kyalo akasema soko lilijaa watu. Kudanganya hakukuwa kazi yake. Masikio yake hupata moto, na Mwende ameyajua masikio hayo tangu uchumba.

Aliyekuwa akimkimbia ni mjane wa Kibohora, jamii ya Waislamu wa Kihindi, mfupi, mwenye magoti mabovu, ambaye hakuna mtu mtaani aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Na kichekesho ni kwamba mwanamke mwenyewe hakuwapo. Bi Naqiya alikuwa ameihama nyumba aliyoingia akiwa bibi arusi, amekwenda kukaa kwa bintiye Dilshad kule Kizingo, kwa sababu nyumba ilikuwa haikaliki kwa joto. Na joto lile alikuwa amelitia Kyalo.

Huyu Kyalo ni mwalimu wa ujenzi katika chuo kimoja cha ufundi hapa kisiwani, mwendo mfupi kutoka nyumba za Buxton. Alikuja Mombasa kijana, kutoka Makueni, akafikia kwa mjomba wake aliyefanya kazi reli, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupandisha karai za zege kwenye ngazi za mbao. Akawa mwashi. Akasoma madarasa ya jioni mpaka macho yakawa mekundu, akafanya mitihani, akafeli, akarudia, akapita. Siku alipoitwa mwalimu kwa mara ya kwanza alirudi nyumbani akilirudia lile neno peke yake njiani. Ukimwita fundi hata leo atakuitikia, ila atachelewa kidogo.

Basi chuo chake kikaingia ushirikiano na chuo cha ufundi cha mji mmoja mdogo wa Ufini. Makubaliano yalikuwa mazuri: walimu wa kule waje huku, wa huku waende kule, wafundishane kujenga nyumba zisizokula umeme ovyo. Wa kwanza kwenda akawa Kyalo. Alikuta theluji imefika madirishani, na ndani ya nyumba ya mbao watu wamevaa fulana, wanakunywa kahawa, joto lenyewe likitoka kwenye kitu kisichozidi sufuria. Alizunguka nyumba ile akizipapasa kuta kama mnunuzi wa ng'ombe. Siri, akaambiwa, ni kuziba. Usiache hata ufa wa kupitisha unywele. Kwetu, walimwambia, adui ni upepo.

Alirudi na koti zito ambalo halina kazi Mombasa, akalitundika kabatini ndani ya nailoni, na akarudi pia na maneno. Kila aliposimama mbele ya darasa ilikuwa Ufini hivi, Ufini vile, hata walimu wenzake wakampa jina la Mfini. Alijitia kukasirika. Kusema kweli lilimkaa vizuri.

Ushirikiano ulipofikia hatua ya kutafuta nyumba ya kufundishia, moja ya zile kongwe ambayo wanafunzi wangeifanyia kazi kwa mikono yao, Kyalo alimfikiria Bi Naqiya papo hapo. Enzi za uashi aliwahi kumtengenezea paa. Mumewe, marehemu Burhanuddin, alikuwa na duka la misumari na bawaba sakafu ya chini, na Bi Naqiya alikuwa akimletea fundi wake sharbati ya tukmaria, zile mbegu zivimbazo majini, iliyotiwa sukari mpaka midomo ikanata. Kyalo hapendi vitu vitamu. Lakini mtu amekutengenezea kwa mkono wake, utamwambia nini? Aliinywa yote, akasema, "Tamu sana, mama," na Bi Naqiya kwa kufurahi akawa anaizidishia sukari kila siku ya kazi.

"Mama, nyumba yako itakuwa shule," alimwambia alipokwenda kumwomba. "Watakuja kuitazama watu wa Ulaya."

"Wewe ndiwe usemaye?" akauliza Bi Naqiya.

"Ndimi, mama."

"Basi karibuni."

Hakuuliza la pili.

Riitta, mwalimu kutoka Ufini, alikuja Oktoba. Mwanamke mrefu, mwenye viatu vya kazi, asiyependa hotuba. Alileta feni kubwa iliyoshonewa pazia jekundu, ambayo hufungwa mlangoni ikavuta hewa ya nyumba nzima, kisha mtu akapita na kijiti cha moshi akitazama moshi unakimbilia wapi. Unapokimbilia, hapo pana tundu. Ile nyumba ilimfanya Riitta acheke. Moshi ulikimbia kila upande. Juu ya kila mlango palikuwa na mbao za nakshi zilizotobolewa, madirishani vibao vya kuinamishwa, na juu kabisa ya ngazi paa lilikuwa limeachwa uwazi uliofunikwa kwa kijipaa kidogo, hewa ya moto ipate kutokea. Wahindi na Waswahili waliojenga nyumba zile hawakuwa wamesahau kuziba kitu.

Adhuhuri hiyo Riitta na Kyalo walisimama juu ya ngazi, wawili tu. Waliongea Kiingereza, kila mmoja chake.

"Mafunzo yetu yaliandikwa kwa nchi ya baridi," Riitta akasema. "Hapa mimi sijui kitu. Wewe ndiye unayeijua hali ya hewa ya kwenu. Tubadilishe nini?"

Upepo ulipita wakati ule ule. Uliingia kwa madirisha ya upande wa bahari, ukapenya nakshi za mlango, ukampapasa Kyalo shingoni ukielekea juu kwenye ule uwazi. Aliuhisi. Kuta zile za mawe ya matumbawe hunywa joto mchana kutwa na kulitapika usiku, na bila upepo wa kulichukua litabaki ndani na mwenye nyumba. Jambo hili halihitaji cheti. Kila aliyewahi kubeba karai Mombasa analijua, na Kyalo alilijua pale, amesimama, shingo ikimpoa.

"Hakuna cha kubadilisha," akasema. "Uko sawa kabisa."

Baadaye alijiuliza sana kwa nini. Jibu la kwanza alilojipa lilikuwa la heshima: mgeni ametoka mbali, amebeba feni yake, humkosoi mbele ya kazi yake. Hivyo ndivyo watu wa pwani walivyolelewa, na wa bara waliokaa nao wakaiga. Jibu hilo lilimtosha kwa muda. Lililokuwa chini yake lilikuwa baya zaidi. Kule Ufini alikuwa amesifiwa kwamba anashika haraka, na alitaka kubaki yule anayeshika haraka. Kusema kwamba hapa dawa ni matundu kulimrudisha kwenye ngazi za mbao, karai begani.

Wakaziba. Mwalimu Nekesa wa useremala, mwanamke wa Bungoma mwenye mikono isiyotetemeka, alifunga madirisha kwa mpira kufuata michoro aliyopewa na Kyalo. Alipofika juu aliuliza, "Hata hapa juu ya ngazi, mwalimu?" Kyalo akajibu, "Hata hapo," na Nekesa akatia kioo. Wanafunzi waliyajaza matundu ya nakshi kwa lile povu la mkebe ambalo huvimba likaganda. Kila jioni feni iliwashwa, moshi ukakosa pa kukimbilia, na makofi yakapigwa. Bi Naqiya aliwaletea sambusa na sharbati, akasimama kando akitabasamu. Siku ya kufunga kazi walipiga picha, na Kyalo akasimama katikati.

Kisha ikaja kaskazi na joto lake. Tunaoishi hapa hatuhitaji kuelezwa Januari ya Mombasa. Bi Naqiya, ambaye maisha yake yote alikuwa amelala kwa upepo wa Mungu, akawasha feni moja, kisha mbili. Dilshad akamletea mashine ya baridi, ikamuuma magoti, akaizima. Alasiri moja alipatwa na kizunguzungu kwenye ngazi na jirani akamdaka. Siku hiyo hiyo Dilshad alimchukua mamake, na siku iliyofuata akampigia simu mkuu wa chuo. Nyumba iliyotakiwa kufundisha watu kupunguza umeme sasa ilikuwa inakula umeme kushinda duka la nyama, na mwenyewe hayumo.

Mkuu wa chuo, Madam Beryl, alimwita Kyalo ofisini. Alitaka kujua kosa lilitokea wapi, maana Riitta angerudi Machi kukagua.

Hapa ndipo Kyalo alipofanya lile lililomfanya azunguke juani na samaki. Angeweza kusema. Mdomo wake ulikuwa wazi. Alichosema ni, "Labda upande wa madirisha walikaza mno, Madam."

Maneno machache, na yalitosha. Upande wa madirisha ulikuwa na mtu mmoja. Nekesa ndiye aliyekuwa akifuata kwenda Ufini. Alikuwa ameshanunua koti la mtumba sokoni Kongowea na alikuwa akijifunza kusalimu kwa Kifini kwenye simu, wanafunzi wakimcheka. Jina lake likaondolewa. Alimngoja Kyalo nje ya karakana.

"Mwalimu," akamwambia, "kama kuna mahali nilikosea, ungeniambia mimi kwanza."

"Tutaongea," Kyalo akasema, masikio yakiwaka.

Hawakuongea. Nekesa aliendelea kumwamkia kila asubuhi vile vile, "Habari ya asubuhi, mwalimu," na salamu hiyo ikawa adhabu. Kyalo alianza kuchelewa makusudi ili akute ameshaingia darasani. Akawa mtu wa kuhesabu wapi asipite: karakana ya useremala, kichochoro cha Bi Naqiya, ofisi ya mkuu. Mombasa ni kisiwa kidogo kwa mtu mwenye aibu. Lile jina la Mfini lilipotajwa alihisi anatukanwa, na aliyetukana hakujua. Usiku alijigeuza kitandani akilitazama kabati lenye koti.

"Utaniambia lini?" Mwende akamuuliza.

"Nini?"

"Sijui. Wewe ndiwe ujuaye."

Machi Riitta akaja. Walikutana nyumbani kwa Bi Naqiya, chumba cha juu, madirisha yamefungwa ili mgeni aone hali ilivyo. Kwa muda mfupi tu mashati yakawa yameshikana na migongo. Dilshad alieleza yaliyompata mamake, kwa sauti iliyokuwa ikipanda. Bi Naqiya mwenyewe alikuwapo, kavaa vazi lake la Kibohora, rida ya rangi ya waridi, ameng'ang'ania kuja kwa sababu nyumba ina mgeni na mgeni hapokelewi na nyumba tupu. Sinia ya sharbati ilikuwa mezani. Nekesa alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango.

"Tunaomba radhi sana," Madam Beryl akasema. "Aliyehusika na madirisha tumeshamchukulia hatua."

Riitta akatafsiriwa maneno hayo. Alikunja uso. "Hapana," akasema. "Msimchukulie mtu hatua. Kosa ni langu. Nilikuja na mambo ya kwetu nikayaweka hapa bila kuuliza. Nilipaswa kuuliza."

Kyalo akamtazama. Je, amesahau? Au anakumbuka, na anamsitiri? Uso wake haukuonyesha kitu, na mpaka leo Kyalo hajui. Alichojua ni kwamba amefunguliwa mlango. Mgeni amejitwika mzigo mwenyewe, wageni hawafukuzwi kazi na chuo cha Mombasa, Nekesa atarudishiwa safari, mambo yamekwisha. Tayari kichwa chake kilikuwa kimeanza kuitikia, taratibu, kama mtu anayekubali kwa masikitiko.

Ndipo alipomwona Bi Naqiya. Mama yule alikuwa amechukua kipepeo cha ukindu na alikuwa akimpepea Riitta. Jasho lilimtiririka mwenyewe kwenye mashavu, goti lake limemkaza, naye amejiinamisha kwenye kiti ili upepo umfike mgeni vizuri.

Kyalo alitamani sakafu ipasuke. Haikupasuka. Ilikuwa imara, aliikagua yeye mwenyewe.

"Uliniuliza," akamwambia Riitta kwa Kiingereza.

Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. Kisha akageuka akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie, maana aliona kujificha ndani ya Kiingereza kungekuwa kujificha tena. "Mwalimu Riitta aliniuliza. Tulikuwa pale juu ya ngazi. Aliniuliza tubadilishe nini, nami nikamwambia tusibadilishe kitu. Na nilijua. Nilikuwa najua wakati ule ule. Mwalimu Nekesa alifuata michoro yangu. Hata lile tundu la juu ya ngazi aliniuliza, nikamwambia azibe. Kisha nikamsingizia."

Kipepeo kilikuwa kimesimama. Madam Beryl alikuwa akimtazama kama anayemtazama mtu asiyemfahamu. "Tutaonana ofisini, Bwana Kyalo," akasema. Hilo la Bwana, badala ya mwalimu, Kyalo hakukosa kulisikia.

Nekesa alimkuta chini, kwenye kile kilichokuwa duka la Burhanuddin. Alisimama mbele yake, mkoba begani.

"Asante kwa kusema," akamwambia.

"Nisamehe, mwalimu."

"Ungesema Januari," Nekesa akajibu, akatoka nje. Alikwenda Ufini mwezi wa Aprili, na akarudi na ujuzi wa kutengeneza vibao vya madirisha, akaufundisha vizuri. Kyalo huamkiana naye. Hayajazidi hapo.

Chuo kilimpa barua ya onyo na kumwondoa kwenye ushirikiano. Aliyapokea yote mawili. Wanafunzi walipangiwa kuja kuzibua, lakini yeye hakungoja. Jumamosi ya wiki ile ile, baada ya soko, alikipita kichochoro cha siku zote, akapeleka samaki wake kwa jirani mwenye friji, akapanda na kisu na patasi. Povu lile likishaganda ndani ya nakshi halitoki kwa pupa. Ukivuta kwa nguvu unavunja ua lililochongwa na mtu aliyekufa zamani. Alilikwangua kipande kwa kipande, chembe zikimwangukia nyweleni na kumwingia kwenye kola. Aliona kazi hiyo inamstahili.

Jumamosi moja, akiwa juu ya ngazi ya mbao akilizibua tundu la mwisho la mlango wa chumbani, alisikia mtu akipanda polepole, akipumzika kila baada ya hatua kadhaa. Bi Naqiya alikuwa amerudi nyumbani, mabegi yake ameyaacha chini. Alikuwa ameshika sinia yenye bilauri ya sharbati.

Kyalo alishuka upesi akaipokea. Alikuwa ameyapanga maneno kwa wiki nzima, na yote yakamtoroka.

"Mama, nimekukosea."

"Najua," akasema Bi Naqiya, akijikalisha kwenye kiti. "Nalijua siku ile ile mulipoanza kutia yale mapovu. Nikasema moyoni, hii nyumba itachemka."

Kyalo alimwangalia. "Ulijua? Mbona hukuniambia, mama?"

Bi Naqiya alishangaa, kana kwamba ameulizwa kwa nini hakumpiga mtu kofi.

"Ningekwambiaje? Wewe umenijia na wageni wako wa mbali, wanafunzi wako wote wakuangalia, munapiga makofi, mumefurahi. Nisimame mie niseme mwalimu hajui? Sikutaka kukutia aibu, mwanangu."

Kyalo aliketi sakafuni, kwenye chembe za povu. Kwa miezi mitatu alikuwa amejihesabu kuwa ndiye aliyenyamaza, na kumbe mama huyu alikuwa amenyamaza ndani ya tanuri, usiku kwa usiku, kumlinda uso wake yeye. Kwa kukosa la kufanya na mikono yake aliichukua bilauri ya sharbati akaanza kuinywa.

"Sukari yatosha?" Bi Naqiya akauliza, kama alivyouliza siku zote.

Ulimi wa Kyalo ulishakwenda wenyewe kwenye lile jibu la miaka yote. Akaurudisha.

"Imezidi, mama," akasema, akitazama sakafu. "Imezidi tangu siku za paa."

Bi Naqiya akashika kinywa.

"Miaka yote hiyo! Na mie nakuzidishia!"

Akacheka, akacheka mpaka akashika goti. Kyalo hakuweza kucheka, wala kuuinua uso. Bi Naqiya aliichukua ile bilauri mkononi mwa Kyalo, akajiinua, akaenda jikoni kuongeza maji, na alipopita chini ya mlango ule uliozibuliwa upepo uliichezesha rida yake.